Kabla ya Ushuhuda

Ushuhuda una mtindo wake, na wengi wetu tumeukariri. Mtu anasimama mbele ya watu, anamshukuru Mungu kwa pumzi, kisha anaeleza: nilikuwa mgonjwa na madaktari walishakata tamaa; nilikosa kazi miaka mitatu; mwenye nyumba alinitolea vyombo nje. Nikaomba. Mungu akatenda. Makofi yanapigwa, wimbo unaanzishwa. Anayesimulia ni yule aliyevuka. Aliyezama katikati ya mto hana zamu ya kushika maikrofoni, na aliye bado majini huambiwa asubiri mpaka apate cha kusimulia.

Ndiyo maana nimekuwa nikirudi mara kwa mara kwenye historia ya watu wachache walioishi Mombasa na Rabai katika karne ya 19. Walimtumaini Mungu katika mambo ambayo kwa hesabu yoyote ya kibinadamu hayakuwezekana. Kwa muda mrefu, na wengine mpaka kufa, hawakuwa na ushuhuda wa kutoa. Nataka kujua tumaini lao lilikuwa kitu gani katika miaka hiyo ambayo jibu lilikuwa bado, na tuliiteje imani ya wale ambao jibu halikuwafikia kabisa.

Tuanze na mwanamke ambaye katika vitabu vingi hupewa sentensi moja. Rosine Dietrich alikuwa mke wa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, na ambaye alitumwa Afrika na CMS, chama cha misheni cha Waanglikana wa Uingereza. Krapf alikuwa ameanza kazi Ethiopia mwaka 1837. Baada ya miaka michache milango ikafungwa, na kila alipojaribu kurudi alizuiwa. Katika mojawapo ya safari hizo Rosine alijifungua njiani, nyikani, mbali na nyumba yoyote. Mtoto, msichana, hakuishi. Wazazi wake walimpa jina la Kiamhara lenye maana ya chozi.

Wakageukia kusini. Januari 1844 Krapf alifika Unguja, akapokewa na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Sultani Mwislamu alimpa padri Mkristo barua ya kuwataka maliwali wake wa pwani wamtendee wema na kumsaidia. Mei mwaka huo Krapf na mkewe wakahamia Mombasa. Juni, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mueddin, Krapf akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Wanaume wawili wa dini mbili waliketi pamoja wakitafuta maneno ya kueleza jinsi Mungu alivyoumba mbingu na nchi, na yaelekea katika hilo hawakuwa na mengi ya kubishania. Mpaka hapo mtu angeweza kusema kwamba njia imefunguka.

Julai ikaja na homa. Ilikuwa imebaki zaidi ya miaka 50 kabla Ronald Ross hajathibitisha, mwaka 1897, kwamba malaria hubebwa na mbu. Mwaka 1844 watu walidhani homa inatokana na hewa mbaya ya mabwawa, na hawakujua wajikinge na nini. Rosine alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho. Tarehe 6 Julai alijifungua mtoto wa kike. Tarehe 13 Julai alifariki. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa hiyohiyo. Siku chache baadaye mtoto akamfuata mama yake. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, katika nchi ambayo Rosine alikuwa ameikaa miezi miwili tu.

Krapf alipopata nguvu ya kushika kalamu aliwaandikia wakubwa wake London. Maana ya barua yake ilikuwa kwamba sasa katika pwani ya Afrika Mashariki kuna kaburi la mtu wa misheni, na kaburi hilo ni ishara kwamba kazi imeanza. Kanisa, alisema, husonga mbele kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake. Barua hiyo ilisomwa sana Ulaya. Iliwatia watu moyo, ikawatoa vijana vyuoni kuja huku.

Nimeisoma barua hiyo kwa hisia mbili. Ya kwanza ni heshima: mtu aliyepoteza mke na watoto wawili ana haki ya kutafuta maana popote anapoweza kuipata. Ya pili ni shaka. Kaburi ni la Rosine, lakini maana yake imeandikwa na mumewe. Tunachojua kuhusu siku zake za mwisho kimetufikia kupitia kalamu ya Krapf, naye alihitaji kifo hicho kiwe na kazi. Kama Rosine alilia, kama alimwuliza Mungu kwa nini mtoto wa pili naye ataondoka, hilo halikufaa barua ya kutia moyo. Historia ya imani imejaa watu kama yeye: walibeba uzito wote, kisha wengine wakatoa ushuhuda kwa niaba yao.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo shaka yangu hailigusi. Krapf hakuondoka. Hakuwa na mke, hakuwa na mwenzake wa kazi hata mmoja, hakuwa na muumini hata mmoja, na afya yake ilikuwa imevunjika. Angepanda jahazi na mtu yeyote angemwelewa. Alichofanya ni kuendelea na orodha yake ya maneno. Kila siku maneno kadhaa: hili laitwaje, lile laitwaje, hapa Mombasa husemwa vipi na ng'ambo husemwa vipi. Ukitaka kuona tumaini lake, liangalie hapo badala ya kwenye barua. Barua iliandikwa kwa ajili ya wasomaji. Orodha ya maneno iliandikwa na mtu aliyeamini kwamba kutakuwa na kesho, na kwamba kesho hiyo atahitaji kuzungumza na watu.

Miaka miwili baadaye, Juni 1846, alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, kijana wa miaka 26 kutoka Gerlingen, nchini mwake hukohuko. Haikupita muda Rebmann naye akashikwa na homa. Wazee wa kaya ya Rabai walikuwa wamekubali kuwapokea, nao Agosti 25 wakapanda mlima kwenda kuanza makao mapya, wote wawili wagonjwa, wakiwa na punda mmoja wa kupokezana. Wazee wa Rabai waliwatazama. Sijui kama kuna picha iliyo mbali zaidi na ushindi kuliko hiyo.

Na ushindi haukuja. Watu wa Rabai walikuwa na Mungu wao, Mulungu, walikuwa na kaya yao, msitu wao, wazee wao na mila zao. Hawakuona pengo ambalo wageni wawili wenye homa wangelijaza. Waliwasikiliza kwa adabu, wakaenda mashambani. Wa kwanza kuitikia alikuwa Mringe, mtu aliyekuwa na ulemavu mkubwa wa mwili, mtu ambaye jamii haikumtegemea kwa lolote. Alikaa na Krapf akajifunza, akauliza maswali, akaamini. Alibatizwa akiwa mahututi, akafa. Hayo ndiyo yalikuwa mavuno ya miaka kadhaa ya kazi: mtu mmoja, na mtu huyo akazikwa. Wamisionari wengine waliotumwa kuongeza nguvu walikufa au walirudi kwao wagonjwa. Johannes Wagner, aliyefika mwaka 1849, hakuumaliza mwaka huo.

Katika miaka hiyohiyo wawili hao waliona mambo ambayo hakuna Mzungu aliyekuwa ameyaandika. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona Kilimanjaro ikiwa na theluji. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Ukambani, aliuona Mlima Kenya. Wenyeji walikuwa wakiitazama milima hiyo tangu enzi na enzi, bila shaka. Lakini habari ilipofika London, mtaalamu wa jiografia William Desborough Cooley alikataa katakata. Theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, alisema; padri ameona vibaya. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kabla msafiri mwingine wa Ulaya, Karl Klaus von der Decken, hajaukwea mlima kiasi cha kutosha kumaliza ubishi. Rebmann alikuwa ameona kwa macho yake, na waliomkanusha walikuwa wameketi kitini maelfu ya kilomita mbali. Mtu aliyezoea kuambiwa kwamba anachokijua hakiwezekani huenda alijifunza kitu hapo.

Agosti 1851 Krapf alifika mahali ambapo hata maneno ya barua yalimwishia. Alikuwa amesafiri tena Ukambani, akifuatana na Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, kuelekea mto Tana. Njiani msafara ulivamiwa na Kivoi akauawa. Krapf alikimbilia vichakani, peke yake, bila chakula, bila kiongozi, katika nchi ambayo hakuijua. Alifika mtoni akanywa, kisha, kwa kukosa chombo, akajaza maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa darubini, akaziba mitutu kwa nyasi. Alitembea usiku. Vichaka vikazing'oa nyasi, maji yakamwagika gizani bila yeye kujua. Kiu ilipokaribia kummaliza alikuta mto mkavu ambapo nyani walikuwa wamefukua mchanga na kupata maji. Akanywa katika shimo la nyani. Alipowafikia ndugu wa Kivoi hawakumpokea kama mgeni aliyenusurika. Walimwuliza kwa nini mwenyeji wake amekufa na yeye yuko hai. Akatoroka tena. Alipofika Rabai walikuwa wameshamhesabu miongoni mwa wafu.

Hapa upo ushuhuda kamili, na Krapf alijua kuusimulia: maombi, kiu, nyani, maji. Lakini swali la ndugu wa Kivoi halina jibu jepesi. Kama Mungu alimwongoza Krapf mpaka kwenye shimo la maji, alikuwa wapi Kivoi alipochomwa? Waliouliza hivyo hawakuwa wakimkufuru mtu. Walikuwa wafiwa. Kila ushuhuda wa aliyenusurika una mwenzake asiyenusurika, na mtu mwenye imani ya kweli hawezi kusimulia mmoja huku amemfunika mwingine kwa shuka.

Mwaka 1853 afya ya Krapf ilikataa na akarudi Ulaya. Rebmann alibaki.

Miaka ya Rebmann ni migumu kuandika kwa sababu karibu hakuna kinachotokea. Alioa mwaka 1851. Mtoto wao alikufa. Mwaka 1866 mkewe, Emma, akafa pia. Uvamizi wa Wamaasai ulimlazimisha wakati mmoja kukimbilia Zanzibar, kisha akarudi kukuta kazi imesambaratika. Watu wa Rabai walioamini walikuwa wachache mno kiasi kwamba waliokuja kumtembelea waliwahesabu bila taabu. Huko Ulaya walianza kumwona kama mzee aliyesahauliwa. Macho yakaanza kufifia. Tangu alipofika mwaka 1846 hakuwahi kurudi Ulaya hata mara moja.

Alichofanya katika miaka hiyo ni kamusi. Katika miaka ya 1850 alikutana Mombasa na mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyekuwa ametekwa katika nchi za karibu na Ziwa Nyasa na kuletwa pwani. Salimini alizungumza lugha ya kwao, ile ambayo leo tunaiita Kichewa. Rebmann akaketi naye, neno kwa neno: majina ya mimea, ya ndugu, ya magonjwa, ya vitu vya nyumbani. Kwa Rebmann hiyo ilikuwa maandalizi ya misheni ambayo haikuwapo bado, katika nchi ambayo hakuwahi kufika na hakuwa na njia ya kufika. Kwa Salimini sijui ilikuwa nini. Labda ilikuwa nafasi ya pekee ya kuzungumza lugha ya mama yake na mtu aliyetaka kuisikia. Kitabu kilichapwa Basel mwaka 1877, baada ya kifo cha Rebmann, Krapf akikihariri. Maneno ya mtu aliyeuzwa kama bidhaa yalirudi Malawi yakiwa kamusi, na wanaisimu wa Kichewa wanayatumia hadi leo.

Je, hilo ni jibu la maombi? Maombi ya Rebmann yalikuwa Rabai nzima imjue Kristo. Salimini, kama aliomba, bila shaka aliomba kurudi kwao. Hakuna kati ya hayo mawili lililotokea kama lilivyoombwa. Kilichotokea ni kazi waliyoifanya pamoja wakati wakisubiri. Ninapofikiri juu ya tumaini sasa, ndicho kinachonijia akilini: watu wawili wameketi barazani, mmoja hana uhuru na mwingine hana waumini, nao wanaandika neno linalofuata.

Mwaka 1875 Rebmann aliondoka Rabai akiwa kipofu. Aliyemshika mkono mpaka Ulaya alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, mwana wa Gunja, mmoja wa wale waumini wachache wa mwanzo. Mzee aliyekuja kuwaonyesha watu njia aliongozwa na mtoto wa watu hao. Alikufa Oktoba 1876 huko Korntal, alikokuwa akiishi Krapf. Krapf naye alikufa hukohuko Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, iliyoanzia katika ile orodha ya maneno ya mwaka wa msiba, ilitoka London mwaka 1882. Hakuiona.

Kama hadithi ingeishia hapa, ingekuwa hadithi ya wamisionari wawili waliovumilia, na zipo nyingi za aina hiyo. Lakini wamisionari, hata katika shida zao, walikuwa na kwao. Kulikuwa na meli, kulikuwa na ofisi London, kulikuwa na balozi wa Uingereza Zanzibar. Mwujiza usipokuja, mtu anaweza kurudi nyumbani. Waliokuja Rabai baadaye hawakuwa na hilo.

Mwaka 1864 CMS ilileta Rabai Waafrika waliokuwa wametekwa utotoni, wakauzwa, wakaokolewa baharini na meli za kivita za Uingereza, na kusomeshwa Nasik, nchini India. Mmoja wao alikuwa William Henry Jones. Hakuna aliyewaza, mtoto huyo alipofungwa kamba, kwamba siku moja atarudi pwani ileile akiwa mwalimu. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba, na mwaka 1875 Frere Town ikaanzishwa ng'ambo ya Mombasa kuwapokea waliookolewa baharini. Kufunga soko, hata hivyo, hakukumfanya mtumwa wa shambani kuwa huru. Mashamba ya pwani yaliendelea kulimwa na watumwa, na sheria ilikuwa upande wa mabwana.

Ndipo watoro wakaanza kupanda kwenda Rabai. Mtoro aliondoka usiku. Nyuma yake alikuwa na bwana mwenye haki ya kumrudisha, kumchapa na kumtia minyororo. Mbele yake alikuwa na njia ya porini ambayo wateka watu waliijua kuliko yeye. Na mwisho wa njia kulikuwa na mahali ambapo, alisikia, watu wa Mungu hawamrudishi mtu. Alikuwa amesikia tu. Hapakuwa na mkataba wowote uliomhusu.

Na ukweli unauma hapa. Wakati mwingine watu wa Mungu walimrudisha. CMS ilikuwa imewakataza wamisionari wake kuwahifadhi watoro, kwa sababu sheria ya nchi iliwatambua kama mali ya mtu, na kwa sababu misheni ilitegemea ridhaa ya Sultani. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuivamia Frere Town kwa silaha. Balozi akataka amani. Wakubwa wakaandika kanuni. Mtu aliyetembea usiku kucha akimtumaini Mungu aliweza kufika mlangoni na kukuta kwamba Mungu ana kamati, na kamati haijakubali. Sijui mtihani wa imani uliozidi huo. Homa unaweza kuilaumu hewa. Kurudishwa na kanisa unalaumu nini?

Walioweza kuvunja kanuni hiyo kimyakimya walikuwa hasa wale waliojua utumwa mwilini mwao. Rabai, chini ya uangalizi wa Jones, mlango ulibaki wazi kiasi. Watoro walipewa mahali pa kujenga, wakalima, wakabatizwa au wakakaa tu. Wamisionari Wazungu walipokuja kukagua walikuta kijiji kimejaa watu ambao hawakuandikwa popote. Jones hakuwa na bunduki za kutosha kuzuia uvamizi wala mamlaka ya kumwachilia mtu huru. Alikuwa na kipande cha ardhi na neno lake.

Mwaka 1885 Jones alipata daraja la ushemasi, na Julai akaondoka na Askofu James Hannington katika msafara wa kwenda Uganda kwa njia ya Umaasaini. Karibu na Ziwa Viktoria askofu alitangulia na watu wachache, akamwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara. Tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alisubiri, habari zikamfikia, akaugeuza msafara. Februari 1886 waliingia Rabai wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja, Ikabodi. Ni jina la mtoto katika kitabu cha kwanza cha Samweli, na maana yake ni kwamba utukufu haupo.

Naipenda bendera hiyo kuliko barua ya Krapf. Jones alikuwa ameongoza watu wenye njaa kwa mamia ya kilomita, akijua kwamba huko mbele watu wanasubiri habari za askofu wao. Angeweza kutafuta neno la kutia moyo. Aliandika ukweli juu ya kitambaa, akautembeza mchana mbele ya wote, kisha akarudi kwenye kazi yake ya kuwapokea watoro. Mtu anaweza kumtumaini Mungu na papo hapo akasema kwa sauti kwamba mambo yameharibika. Biblia yenyewe haioni aibu juu ya hilo. Sura ya 11 ya Waebrania, ile inayosifu mashujaa wa imani, inamaliza kwa kukiri kwamba wengi wao walikufa bila kupokea walichoahidiwa.

Mwaka 1888 mambo yalifikia ukingoni. Wenye watumwa walidai watu wao, na waliodaiwa katika Rabai na vituo vingine vya misheni walizidi 1,400. Kuwarudisha kungekuwa kuangamiza kijiji kizima. Kukataa kungeleta vita. Jibu likatoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya kibiashara ya Waingereza iliyokuwa inataka kutawala pwani bila ghasia, alikubali kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, watu wakaanza kukabidhiwa hati zao za uhuru.

Nasema jibu, na nasita. Fidia walilipwa mabwana, si waliofanyishwa kazi. Kampuni ilikuwa na hesabu zake, na utawala ulioufuata uchumi huo ulileta mizigo yake. Lakini fikiria mwanamke aliyepokea karatasi hiyo, aliyetoroka miaka mitano kabla akiwa na mtoto mgongoni. Kwake haikuwa mada ya mjadala. Alikuwa na haki ya kupiga vigelegele, na sina shaka vilipigwa.

Ninachotaka kusema kinamhusu yeye, lakini si siku ile ya Januari. Kinahusu ile miaka mitano. Alipanda mahindi Rabai bila kujua kama atayavuna au atakuwa amerudishwa kwa bwana. Alijenga nyumba ambayo kesho yake ingeweza kuchomwa. Alimpa mtoto jina, akampeleka kufundishwa kusoma na mwalimu aliyewahi kuwa mtumwa kama yeye. Siku alipokuwa akifanya hayo hakuwa na hati wala ushuhuda. Kama karatasi ile isingekuja kamwe, mahindi yale yangekuwa bado yamepandwa kwa imani. Tungemkosea sana kama tungesema imani yake ilianza kuwa ya kweli siku Mackenzie alipofungua mkoba.

Wahenga walisema mwamini Mungu si mtovu. Methali hiyo tunaitumia kama ahadi ya kupata. Nikiisoma kwa macho ya Rabai naisikia vingine: mtu huyo alikuwa na kitu mkononi hata kabla ya kupata. Rosine hakupata. Mringe alipata pumzi chache tu. Kivoi hakuwa katika hesabu ya maombi ya mtu. Salimini aliacha maneno. Rebmann aliondoka haoni. Bado hatuwezi kusema hawakutumaini, wala kwamba tumaini lao lilikuwa bure, maana tuna vitabu vyao, tuna vizazi vya watoro waliobaki Rabai mpaka leo, na lugha hii ninayokuandikia ilipata kamusi yake kubwa ya mwanzo kutoka kwa mtu aliyeanza kuikusanya katika mwaka wa msiba.

Kwa hiyo kama uko katikati ya mto sasa hivi, na watu wanakuuliza ushuhuda wako uko wapi, waweza kuwajibu kwamba haujafika, na kwamba hujui kama utafika. Kisha endelea na ulichokuwa unafanya. Wapo waliotangulia kupita hapo wakiwa hawana cha kusimulia, wakapanda mahindi.